Viungo vya Muda Navyo ni Viungo

Mabishano ya kupanga viungo vya mwili kwa tishu au kwa mwendo yamerudi, na toleo hili limeyapa nafasi ya kutosha. Makala ya kwanza inatetea mgawanyo wa mwendo, ule wa tangu enzi za Galen. Ya pili inasimama na tishu: nyuzi, gegedu, sinovia. Mimi niko na ya pili, wala sifichi. Kiungo cha sakramu na nyonga kina uwazi wa sinovia upande wa mbele na kano nzito nyuma, na kwa wazee wengi, hasa wanaume, huanza kushikana. Ukikipanga kwa mwendo pekee, jibu litategemea umemlaza nani mezani.

Kinachonikera ni kwamba waandishi wote wawili wamemlaza mtu mzima. Gegedu la ukuaji, lile bamba jembamba kati ya ncha ya mfupa mrefu na shina lake, wamelipa sentensi moja moja. Mmoja anadai kuwa si kiungo halisi, kwanza kwa sababu linaunganisha sehemu za mfupa uleule, pili kwa sababu hutoweka. Hoja zote mbili hazisimami. Ncha na shina huanza kugeuka mfupa mahali tofauti na kwa nyakati tofauti. Kwa mtoto ni vipande viwili vilivyoshikwa na gegedu. Kuhusu kutoweka, mishono ya fuvu nayo hufungana kadiri umri unavyosonga, na hakuna aliyeifuta kwenye orodha. Tena tumekubali miaka yote kwamba jino na tundu lake katika taya ni kiungo, ilhali jino si mfupa. Ukarimu tuliolipa jino tunalinyima bamba linalompa mtoto kimo chake.

Nang'ang'ania jambo hili kwa sababu wanaolipia uzembe wetu ni watoto. Kano za mtoto kwa kawaida ni imara kuliko gegedu lake la ukuaji, kwa hiyo pigo ambalo lingemtegua mtu mzima kifundo, kwa mtoto laweza kupasua bamba. Mwaka 1963 Salter na Harris waliyapanga majeraha haya katika aina 5. Aina ya kwanza inaweza isionekane kabisa kwenye eksirei. Ya tano, ambamo bamba limepondwa, mara nyingi hugunduliwa baada ya mfupa kuacha kukua. Si kila jeraha la namna hii huacha kilema. Lakini tabibu aliyekariri kwamba hapo pana kiungo kisichosogea, na somo likaishia hapo, atasema mtoto ameteguka, atamfunga bendeji na kumrudisha nyumbani akachuliwe. Hakufundishwa kubonyeza kwa kidole kimoja, juu kidogo ya kifundo, na kutafuta maumivu yako wapi hasa.

Makala ya tatu ndiyo niliyoifurahia zaidi. Inarudi Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la yule kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Ncha nyingi za mifupa yake mirefu zilikuwa hazijaungana na mashina. Kwa vipimo vya binadamu wa leo, mifupa ilimpa miaka 13 hivi. Meno yakamrudisha kwenye 8 hivi. Bamba la ukuaji halisomeki vizuri mpaka ujue ni la nani.

Onyo hilo linaihusu makala ya nne, juu ya umri wa wachezaji vijana. Atlasi ya Greulich na Pyle, inayotumika hadi leo kukadiria umri kwa picha ya mkono, ilijengwa juu ya watoto wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, wengi wao wa familia zenye nafasi. FIFA nayo ilitumia MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009. Kwamba ni nadra bamba la hapo kuungana kabisa kabla ya miaka 17, sipingi. Lakini kijana wa miaka 18 ambaye lake bado liko wazi atapita, na mwandishi hasemi neno juu yake.

Makala ya simfisisi ya kinena wakati wa ujauzito ni fupi na safi. Ile ya kiungo cha taya ina michoro mizuri.

Kwa wanaotunga mitihani nina ombi. Acheni kumtaka mwanafunzi ataje aina 6 za viungo vya sinovia. Mpeni eksirei ya goti la mtoto wa miaka 10, aonyeshe kila kiungo kilichomo. Atakayeishia kwenye sinovia atakuwa ameyaruka mabamba 3: la paja, la muundi na la fibula.