Nyumba ya Baridi Katika Inchi ya Joto



Mwaka jana tulishangilia sana wakati tulipoingia katika kalasi mpya. Matofali yake tuliyabeba kwa vichwa vyetu, kwa hiyo tunaipenda. Lakini tangu siku ile, saa sita ikifika, tunasinzia ndani. Mwalimu mmoja aliuliza: "Mbona munalala kama wagonjwa?" Mwenzetu akajibu: "Mwalimu, hatulale. Bati iko inatupika!" Tulicheka, lakini neno lile lilikuwa la kweli.

Sababu ni nini? Plani ya kalasi ile ilitoka upande wa Butembo, katika milima. Si plani mbaya. Butembo inapita meta 1700, na usiku watu wanavaa makoti. Ukuta mnene unashika joto la mchana na kulirudisha usiku. Madirisha madogo yanazuia upepo wa baridi. Wajenzi wa kule wana akili. Lakini sisi tuko hapa Maniema, karibu na mto Lualaba, pahali pa meta 500 hivi. Katika jeografia tulijifunza kwamba ukipanda meta 1000, joto linapunguka karibu digri 6. Basi ukishuka, linaongezeka vilevile. Tulichukua koti la mtu wa mlimani, tukamvalisha mtu wa bondeni, halafu tunashangaa kwa nini anatoka jasho.

Wengine watasema: "Basi turudilie nyumba za majani kama za babu." Sisi hatusemi hivyo. Majani yanaoza, yanaleta wadudu, na moto ukishika hakuna kitu kinachobaki. Bati ni kitu kizuri. Lakini tuulize babu alijua nini. Aliacha nafasi kati ya ukuta na paa, hewa ya moto itoke. Paa lake lilishuka mbali kupita ukuta, likaleta kivuli. Mchana alikaa kwenye barza, si ndani. Mambo hayo yote yanawezekana na bati pia.

Hata Wazungu walifikiri jambo hili. Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza nyumba za aluminiyumu kwa ajili ya inchi za joto. Moja ilisimamishwa Niamey katika mwaka 1949, na mbili Brazzaville katika 1951. Alizipa paa mbili, moja juu ya ingine, upepo upite katikati, tena barza kuzunguka. Akili hiyo ilikuwa nzuri. Lakini vipande vilitoka Ufaransa, na bei haikuwa chini kuliko ya nyumba zilizojengwa pale pale. Kazi ikaishia kwa hizo tatu. Katika 2007 moja iliuzwa New York karibu milioni 5 za dolari! Nyumba ya kusaidia watu wa inchi za joto imekuwa pambo la tajiri. Basi tuchukue akili popote inapotoka, lakini vyombo vitoke hapa kwetu.

Sasa tunasikia kwamba kalasi ya pili itajengwa wakati wa kiangazi, kwa plani ileile. Tunaomba kwa heshima Bwana Prefe na wazee wa komite ya wazazi: kabla msingi haujachimbwa, plani ibadilishwe. Kwanza, kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Kalasi ya sasa imeelekeza ubavu wake magharibi, ndiyo maana masomo ya nyuma ya saa sita ni mateso. Pili, paa lipite ukuta karibu meta moja. Tatu, madirisha makubwa yatazamane, upepo uingie huku na kutoka kule. Nne, tuweke plafo ya mikeka ya bambu, na juu yake, katika vichwa viwili vya nyumba, yaachwe matundu ya kutosha hewa ya moto.

Kugeuza msingi hakuombi hata franga moja. Mikeka tutaisuka sisi wenyewe, siku ya kazi ya mikono.

Matofali ya kalasi ya kwanza tuliyabeba bila kuuliza neno. Ya pili tutayabeba vilevile, lakini mara hii tunauliza mbele.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano