Tao Lenye Ncha na Maji ya Mvua

Msomaji wa Kitui au wa Makueni aliyeingia kanisa la zamani la misheni huenda amepata kuona dirisha ambalo kichwa chake si cha mraba wala cha duara, bali pande zake mbili zimepanda zikakutana juu kwa ncha, mfano wa viganja vya mtu aombaye. Ujenzi wa namna hiyo huitwa wa Kigothi. Ulianza Ufaransa katika karne ya 12, na kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ndilo hutajwa kuwa la kwanza. Ukaenea Ulaya, ukaachwa, kisha katika karne ya 19 Waingereza wakaufufua, wakajenga kwa mtindo huo makanisa, vyuo, hata nyumba za kukaa watu. Wamisionari walipovuka bahari walikuja nao pamoja na vitabu vyao.

Ncha ile si pambo tu. Tao la duara huusukuma uzito kwenda kando, na ukuta usipokuwa mnene hutanuka na kupasuka. Tao lenye ncha huuelekeza uzito chini zaidi; kwa hiyo ukuta waweza kuwa mwembamba, dirisha likawa refu, na nuru ikaingia tele. Wala isidhaniwe kwamba watu wa pwani walingoja Wazungu wawafundishe jambo hili. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, mna milango yenye matao ya ncha, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Njia ya Wakamba kwenda pwani ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka Kitui hata Mombasa, na Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, aliyekuwa mkuu mashuhuri wa biashara hiyo. Soko kubwa la pembe lilikuwa Unguja. Na huko Unguja, mtaa wa Mkunazini, ndiko liliko jengo ambalo kila mwenye kutunza nyumba ya kale yampasa kulijua, yaani Kanisa Kuu la Kristo.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale pa soko. Aliyelisimamia ni Edward Steere, ambaye wapenda Kiswahili humkumbuka zaidi kwa sarufi yake na tafsiri zake. Madirisha yake ni ya ncha kama ya Uingereza, lakini mafundi wa pwani walichanganya na mapambo ya Kiarabu, na kuta ni za mawe ya matumbawe. Husimuliwa kwamba Steere alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha hivyo. Ajabu kubwa ni paa. Halina mbao. Ni tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walisema litaanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu chini ya paa hilo, na hata leo halijaanguka.

Lakini paa lisiloanguka laweza kuvuja. Nyufa zilitokea, maji yakaingia, na kuta zikaanza kudhoofika. Ikabidi Umoja wa Ulaya utoe fedha, na shirika la World Monuments Fund lishirikiane na kanisa katika kazi iliyokamilika mwaka 2016. Hapo pia pakafunguliwa kituo cha kueleza habari za biashara ya watumwa.

Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kuandikwa ni heshima kubwa, ila orodha haizibi ufa. Mwendo mfupi kutoka Mkunazini lilisimama Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, nalo limo katika orodha ile ile. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi kama ile ya jiwe la msingi, sehemu yake kubwa iliporomoka hali mafundi wamo katika kulitengeneza, na watu wawili wakafa.

Huku Ukambani majengo ni madogo, na adui zake ni wale wale. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walikuwa na vituo vyao Ikutha na Mulango, upande wa Kitui. Waskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Jengo la siku zile likionyesha unyevu, aghalabu kamati huchanga fedha na kulipaka saruji ukutani. Ni nia njema yenye madhara. Ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo huvuta maji na kuyatoa tena kwa jua. Saruji huyafungia ndani, na baada ya miaka kadhaa ukuta huoza nyuma ya sura nzuri. Mifereji ya paa ndiyo ya kutazamwa kwanza, na fundi mwenye kujua chokaa aitwe kabla ya mwenye saruji.

Iko pia kamati itakayo kubomoa ili ijenge kubwa zaidi. Hiyo ifahamu kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 humwezesha Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kutangaza jengo katika Gazeti la Serikali kuwa la kulindwa. Na likisha kutangazwa, kulibomoa au kuligeuza bila idhini ni kosa. Tena Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya makumbusho. Mwenye kutaka jengo la kwao litazamwe aandike barua, ataje mahali lilipo, mwaka lilipojengwa kama wajulikana, na mwenye ardhi ni nani. Atie na picha za pande zote nne, na ya paa ikiwezekana, zikiwa zimepigwa kabla ya masika.