Kazi ya Mikono: Vita Ndogo juu ya Ubao

Mwezi huu tunaongea na vijana wanaopenda maketi, ile mifano midogo ya plastiki inayokuja vipande-vipande ndani ya kartoni, unaibandika na kole. Ukimaliza blinde ao kamyo ya askari, vipande vinabakia: gurudumu moja, kofia ya chuma, bidoni, sanduku, askari mwenye kukosa mukono. Usivitupe. Vinatosha kutengeneza diorama, ni kusema mahali padogo panapoonyesha jambo moja.

Muzazi, pengine unauliza: juu ya nini mutoto achezee vita, sisi tulioiona kwa macho? Swali lako ni la kweli. Lakini soma Ezekieli sura ya 4. Nabii alichukua tofali, akachora juu yake muji wa Yerusalema, akauzungushia boma, kambi na vyombo vya kuvunjia kuta. Kwa ukuta wa chuma alitumia kikaango tu. Hakufanya vile kwa kusifu vita. Alitaka watu waone hatari mbele haijafika.

Kwa hiyo swali la kwanza si «Niko na vipande ngapi?» Ni hili: «Mutu akiangalia, ataelewa nini?» Sheperd Paine wa Marekani, aliyeandika kitabu juu ya diorama mwaka 1980, alijulikana sana kwa kazi zenye kusimulia hadisi. Wewe pia chagua hadisi moja tu.

Tuseme ule askari mwenye kukosa mukono. Usimutafutie bunduki. Mukalishe karibu na lile gurudumu, umufunge bega na karatasi laini iliyolowana na kole: ile ni bandeji. Mbele yake weka askari wa upande mwingine, anamuletea bidoni ya maji. Bidoni ya litre 20 ilitengenezwa kwanza kwa jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930. Majeshi mengine yakaiiga, na leo ndugu yake ya plastiki iko katika nyumba zetu. Wajerumani walichora musalaba mweupe juu ya bidoni ya maji, ili isichanganywe na esanse. Uchore vilevile.

Sasa kazi yenyewe:

1. Angalia kipimo. Kama vipande viko vya 1/35, mutu wa metre 1,75 anakuwa na santimetre 5, na bidoni santimetre 1,3. Kama viko vya 1/72, mutu anakuwa na santimetre 2,4 tu. Ukivichanganya, mutu moja ataonekana jitu.

2. Kata ubao wa santimetre 10 kwa 10. Panga vitu vyote bila kole kwanza. Usivinyooshe sawasawa na kando ya ubao. Vigeuze kidogo, vitakuwa na uzima.

3. Changanya udongo uliochungwa na kole nyeupe, upake juu ya ubao. Majani ya chai yaliyotumika na kukauka yanakuwa majani yaliyoanguka chini. Lakini usichukue muchanga wa karieri ao wa takataka ya uzini: vumbi lake linaweza kuwa na sumu ya metali. Wala usiokote hata kidogo risasi ao kipande cha bomu ya kweli.

4. Unataka waya? Shika kile kijiti cha plastiki kilichobeba vipande, kipashe moto juu ya mushumaa bila kukigusisha na ndimi zake. Kikilegea, kiondoe, ukivute polepole. Kitakuwa chembamba kama uzi. Mutu mukubwa awe karibu, na dirisha liwe wazi.

5. Paka rangi, uache ikauke. Kisha rangi nyeusi yenye maji mengi iingie ndani ya mashimo. Mwisho, brosi iliyo karibu kukauka, yenye rangi nyeupe kidogo, ipite juu ya kando tu.

Ukimaliza, iweke mu saloni, unyamaze. Rafiki atauliza: «Nani alishinda?» Akiangalia muzuri, hataona mushindi. Ataona mutu mwenye kiu na mutu mwenye maji. Na kama babu akianza kuhadisia yale aliyoona yeye mwenyewe, acha kole, kaa chini, umusikilize.

Kazi njema, mpaka mwezi ujao.