Viti Vifuate Kivuli
Nyumba mpya za Bariadi, mkoani Simiyu, zinapendeza, lakini kwenye baraza nyingi viti vimebanwa ukutani kwa mstari mmoja, kila mtu akitazama geti. Wakikaa hivyo, watu hawaongei. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uani, wazee na vijana wakiuzunguka, na hapo vijana walifundwa. Rudisheni mduara ule: viti vya mbao au vigoda, mkeka wa watoto katikati, meza ndogo ya chai pembeni. Alasiri vihamishieni mashariki mwa nyumba, au chini ya mwarobaini, maana jua la saa tisa Simiyu linaunguza hasa. Na bibi apewe kiti chenye egemeo na mikono, karibu na mlango, asihangaike kuinuka.