Baraka na Fizi: Mpira wa pikipiki ya zamani usichaguliwe kwa bei peke yake

Mjini Baraka na katika tarafa ya Fizi, jimboni Kivu Kusini, pikipiki za zamani bado zinafanya kazi. Yamaha DT 125 na Honda XL 125, zile ambazo misheni na mashirika yalizitumia kwa miaka mingi, zingali zinapanda kutoka ufuo wa ziwa Tanganyika hadi Fizi-centre, zikibeba wagonjwa, walimu na mizigo ya soko. Injini zake fundi anazifahamu. Shida iko kwenye mipira.

Soko linafuata wamotari, na wamotari wengi leo wanaendesha Boxer na TVS, ambazo ringi zake ni za inchi 17 au 18. DT 125 na XL 125 nyingi zinataka mpira wa mbele wenye kipimo 2.75-21 na wa nyuma, kwa mfano, 4.10-18. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni ukubwa wa ringi, zote kwa inchi. Mpira wa 17 hauwezi kuingia kwenye ringi ya 21.

Hapo ndipo hatari inaanzia. Anayekosa mpira wa mbele huambiwa abadilishe gurudumu lote, aweke dogo la pikipiki nyingine. Pikipiki inainama mbele, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko. Nyuma, mpira wa 3.00-18 unaingia bila shida, lakini ni mwembamba kuliko ule wa 4.10. Unabeba uzito mdogo zaidi, na ndio unaokalishwa abiria wawili na gunia la muhogo.

Mnunuzi asome ubavu wa mpira kabla ya kutoa pesa. Alama 59 maana yake mpira unaweza kubeba kilo 243 ukiwa na upepo wa kutosha. Alama 45 ni kilo 165. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT zinaonyesha siku za kuzaliwa kwake: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kampuni ya Michelin inashauri mpira usizidi miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama bado unaonekana mzuri. Mpira ulioning'inizwa juani mbele ya duka unaweza kuwa na meno yote na nywele zake zote, na bado uwe umekauka. Ukiukunja kidogo ukaona nyufa ubavuni, huo si mpya.

Ringi za spoki zinahitaji pia mpira wa ndani wa kipimo kilekile. Wengine hupunguza upepo ili pikipiki ishike potopoto wakati wa mvua. Wakipunguza mno, mpira wa nje unateleza juu ya ringi na kung'oa shina la valvu. Kwenye barabara ya taifa namba 5, mbali na fundi, hilo linaweza kumlaza mgonjwa njiani.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye pesa. Ni kweli, mpira wa 21 hupatikana kwa shida, na mara nyingi lazima uagizwe Uvira, Bukavu au Kigoma ng'ambo ya ziwa. Lakini rahisi ghali: anayenunua mpira mkavu atanunua mwingine upesi, na gharama ya mguu uliovunjika haimo katika bei ya dukani.

Mzigo huu usiachiwe dereva peke yake. Vyama vya wamotari na wenye pikipiki za zamani vinaweza kukusanya mahitaji na kuagiza kwa pamoja, kwani mfanyabiashara haleti mpira mmoja. Wauzaji waweke mipira kivulini na kumwonyesha mteja mwaka wake bila kuulizwa. Polisi wa barabarani, wanaposimamisha pikipiki kuomba karatasi, watazame pia mipira, si kwa kutafuta faini, bali kwa kumwonya dereva kabla hajaanza kupanda mlima.

Mama mjamzito anayepakiwa usiku kwenda hospitali haulizwi mpira gani uwekwe. Wenye pikipiki, wauzaji na viongozi ndio wanaomchagulia.