Ukuta Unaoonyesha na Neno Lililotisha

Wanaosema watu wa Beni na Butembo walikimbia vituo vya Ebola kwa ujinga wanakosea. Ugonjwa ule, wa 2018 hadi 2020, uliua zaidi ya watu 2,200. Mgonjwa aliingia hemani, akazungukwa na watu waliojifunika uso mzima, na mara nyingi kilichotoka ni mfuko uliofungwa. Nani asingeogopa?

Shirika la ALIMA likaleta Beni chumba kiitwacho CUBE. Kuta zake ni plastiki angavu. Muuguzi hupenyeza mikono kwenye glavu zilizoungwa ukutani, bila vazi zito. Mama hukaa nje, akamwona mwanawe na kuongea naye. Woga ule ulihitaji dirisha kuliko hotuba.

Sisi wa lugha nasi tuna deni. Kazi nzima iliitwa "riposte", yaani kujibu shambulio, katika eneo lililochoshwa na bunduki. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikatiwa moto. Sisemi neno ndilo lililowasha kiberiti. Lakini tulikuwa na "kuuguza": kumtunza mgonjwa, na pia kuwa na mgonjwa nyumbani kwako. Kazi ile haikuitwa hivyo.