Waswidi na Kazi ya Mikono

Waswidi wana desturi zinazotufurahisha kwa jinsi zinavyokaribiana na zetu. Nyumbani kwao mgeni huvua viatu mlangoni. Hata kazini husitisha shughuli ili wanywe kahawa pamoja, na mapumziko hayo huyaita “fika”, neno ambalo kwetu ni kuwasili. Maandazi yao hutiwa hiliki, kama mahamri ya pwani.

Lililotugusa zaidi ni somo la kazi za mikono. Shuleni kwao kila mtoto, wa kiume na wa kike, hana budi kujifunza kuchonga mbao na kushona. Atakayekuwa daktari naye hushika patasi na sindano.

Bonde letu la Kilombero linawafahamu. Bwawa la Kidatu lilijengwa kwa msaada wao pamoja na Benki ya Dunia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo kimojawapo kipo hapa Ifakara, vilianzishwa mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya kwao.

Hata hivyo, wapo miongoni mwetu wazazi wanaompeleka kijana kwenye useremala pale tu anapofeli mtihani, kana kwamba ufundi ni adhabu. Bibi zetu wasukao ukili wanazeeka, na wajukuu hawajui hata kuanza mkeka. Ufundi usiorithishwa huzikwa pamoja na mwenye nao. Likizo ijayo tuwaketishe watoto kando yao, waliofaulu na waliofeli.